Dirii kaitengeneza dada, jukwaani napanda mimi

Shikamoo Shangazi,

Zimebaki wiki nane kabla ya shindano la mavazi ya wahusika kwenye kongamano la mashabiki, na fomu ya kujiandikisha inafungwa baada ya wiki mbili. Nimeshaijaza yote isipokuwa mstari wa mwisho, na mstari huo ndio unaoninyima usingizi. Unasema: "Nathibitisha kwamba angalau asilimia 75 ya vazi hili nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe." Pembeni kuna kisanduku cha kuweka alama.

Mhusika wangu ni malkia shujaa kutoka mchezo wa video. Vazi lake lina gauni refu, joho, mkanda mpana, vikingio vya mikono, dirii ya kifua na mgongo, mabamba mawili ya mabega, na chapeo. Gauni nimelishona mimi: paneli 12, mishono yote kuanzia kiunoni kwenda chini imekunjwa na kufungwa ndani hata ukiligeuza huoni uzi unaoning'inia, zipu ya kufichwa, na pindo la kama mita 5 ambalo nimelidarizi lote kwa mkono. Joho ni langu pia, na lina bitana. Mkanda ni wangu. Wigi nilinunua, nikaikata na kuisuka upya. Buti ni za dukani, lakini nimezivisha kitambaa nilichokikata na kukishona mwenyewe.

Dirii, mabega na chapeo ametengeneza dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tumelelewa pamoja, na yeye ndiye aliyenitia kwenye kosplei, huu mchezo wa kuvaa kama wahusika. Ni fundi hasa wa sponji ngumu ya EVA. Dirii ameikata kwenye sponji ya milimita 10, mapambo ya juu milimita 2, na rangi aliyoipaka inakudanganya kabisa kwamba ni chuma kilichokula vita. Vikingio vya mikono nilivikata na kuvigundisha mimi, yeye akiwa pembeni ananielekeza. Vilitoka vizuri, ila kimoja kina mshono unaoonekana ukikitazama karibu.

Tulipoanza hatukuwaza shindano. Tulitaka kuvaa, kupiga picha na kufurahi. Watu walipoliona vazi ndipo wakaanza kusema "hili ni la kushindana", na mimi nikaanza kutamani.

Dada anasema niweke alama tu, hakuna atakayejua, na yeye jukwaa halitaki. Nilipomwambia labda niitengeneze dirii upya mwenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe haijakupendeza." Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Marafiki wa kikundi chetu wananiambia kila mtu husaidiwa, na kwamba nikianza kuhesabu nani alishika mkasi nitajikosesha bure.

Nikiitoa dirii, naona nitakuwa mtu aliyevaa gauni tu. Isitoshe, sehemu ya juu ya gauni inayofichwa na dirii sikuimalizia. Haina bitana, na kingo za kitambaa nimeziacha mbichi kwa sababu nilijua hazitaonekana. Na kazi ya sponji, ukweli ni kwamba siiwezi kama dada.

Nifanyeje, Shangazi? Niweke alama, nijitoe, au nianze upya nikijua namuumiza aliyenipenda mpaka akanitengenezea?

Mwenye Sindano

*

Marahaba, mwanangu.

Nikurudishie kwanza nilivyoielewa barua yako. Una vazi lililotoka kwenye mikono minne, na fomu inayouliza habari za mikono miwili. Unataka kushindana kwa haki. Unataka pia dada yako asijisikie kama fundi aliyefukuzwa kazi. Na chini ya yote hayo nasikia hofu ya tatu uliyoitaja kwa kupita: kwamba bila kazi yake wewe si kitu pale jukwaani. Hofu hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame kabla ya kisanduku.

Umesema bila dirii utakuwa mtu aliyevaa gauni tu. Je, una hakika majaji wanaona unachokiona wewe? Kutoka kiti cha ukumbini, ndiyo, macho hukimbilia kinachong'aa. Lakini mashindano mengi ya ufundi huamuliwa zaidi kwenye ukaguzi wa awali, chumbani, kabla hujapanda jukwaa. Pale majaji wanasimama hatua moja kutoka kwako, mara nyingi kwa dakika tatu hadi tano, na wanagusa. Wanageuza pindo. Wanauliza zipu imeingiaje na kwa nini paneli zimekatwa hivyo. Mita 5 za darizi ya mkono, kwenye sketi ya gauni ambayo ndani yake ni safi kama nje, ni kazi ambayo jaji anayejua kushona ataitambua kabla hujafungua mdomo. Sisemi dirii haina uzito. Nasema huenda umejipima kwa jicho la mtazamaji wa safu ya nyuma, wakati mtihani wako unasahihishwa na mtu aliyeinama kwenye pindo.

Tuje kwenye asilimia 75. Umeichukulia kama namba iliyo wazi, kumbe inategemea kinachohesabiwa. Ukihesabu vipande vikuu, ukichukua mabega mawili kuwa kipande kimoja na vikingio viwili kuwa kimoja, unapata saba: gauni, joho, mkanda na vikingio ni vyako, dirii, mabega na chapeo ni vya dada. Vinne kwa saba ni asilimia 57. Ukiongeza wigi na buti, kwa kuwa umezifanyia kazi, ni sita kwa tisa, asilimia 67. Ukihesabu kwa eneo linaloonekana, gauni na joho peke yake huenda vikafunika robo tatu ya mwili. Ukihesabu kwa saa za kazi, darizi ile inaweza kumeza mengine yote. Kwa hiyo kwa hesabu moja umepita na kwa nyingine umekwama, na wa kusema ipi ndiyo hesabu ni waandaaji, si marafiki wa kikundi, wala si mimi. Wapo wanaohesabu vipande. Wapo wanaoruhusu vitu vya kununua bila kuvipa alama yoyote. Wapo wanaoruhusu msaada wa mtu mwingine mradi utajwe kwenye fomu, na katika mashindano mengine fundi anaweza kumvisha mtu mwingine kazi yake, akasimama mwenyewe mbele ya majaji kuieleza. Umesoma kanuni zote, au umesoma mstari ule tu?

Sasa dada. Amesema jukwaa halitaki. Lakini kutotaka jukwaa ni jambo moja, kutotaka kutajwa ni jingine. Umewahi kumuuliza la pili?

Nakuuliza kwa sababu mchezo huu ulianza na jambo linalofanana na lenu. Kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi, New York mwaka 1939, Forrest J Ackerman alitokea amevaa vazi la watu wa siku zijazo, na watu wakamkumbuka kwa hilo miaka na miaka. Aliyelibuni na kulishona, pamoja na la kwake mwenyewe, alikuwa Myrtle Douglas, na jina lake lilichelewa sana kushika mahali pake. Mwaka uliofuata, Chicago, mshindi wa onyesho la mavazi alikuwa David Kyle, na vazi alilovaa lilikuwa limetengenezwa na Leslie Perri. Mashindano ya ufundi ya leo yanamtafuta mtengenezaji, ndiyo maana yakaweka mstari unaokusumbua. Kwa hiyo kuvaa kazi ya dada si aibu hata kidogo, na ni jambo la zamani kama mchezo wenyewe. Kinachobaki ni jina lake likae wapi, na hilo anayeweza kukujibu ni yeye.

Nadhani pia maneno yake, "Kumbe haijakupendeza," yanaeleza kwamba hakukusikia ukizungumzia kanuni. Alisikia ukizungumzia dirii. Ukimfuata tena, anza na fomu. Msomeshe ule mstari, mwache aukute mwenyewe. Halafu mwambie unachokipenda kwenye ile dirii, kipande kwa kipande, kama fundi anavyozungumza na fundi: zile kingo alizozilaza, zile rangi za kutu alizozificha kwenye mikunjo. Sifa ya jumla haimtoshi mtu aliyekesha na msasa.

Sasa tuzitazame njia ulizozitaja, na moja au mbili ambazo hukuzitaja.

Kuweka alama na kunyamaza. Hatari yake kubwa haiko kwenye fomu, iko kwenye ukaguzi. Jaji atauliza: mshono huu wa ubavuni umeuziba na nini? Kwa nini sponji ya milimita 10 hapa na si 6? Mkanda wa bega umeshikaje ndani? Swali la kwanza utalijibu kwa yale uliyoyaona akiyafanya. La pili utababaika. La tatu litakurudisha kwenye darizi uliyoijua vizuri ukiwa tayari umepoteza utulivu wa kuieleza. Wakigundua, mashindano mengi hukuondoa papo hapo. Wasipogundua, fikiria dada amekaa ukumbini anasikia dirii yake ikisifiwa kwa jina lako. Amesema hajali, na huenda kweli hajali. Jiulize kama wewe hutajali, maana ni wewe utakayebaki na ile picha ya zawadi ukutani.

Kuitoa dirii na kushindana na gauni. Njia hii ina sharti moja gumu: majaji hulinganisha vazi na picha ya mhusika uliyowapa. Kama malkia wako ana picha rasmi akiwa hana dirii, barazani kwake labda, umepona. Kama hana, utaonekana umeleta vazi pungufu. Na kuna ile sehemu ya juu uliyoiacha mbichi. Kuimalizia si kazi ndogo. Utahitaji kuukata upya mwili wa bitana kwa patani (kiolezo cha kukatia) ileile, uushone shingoni na kwenye makwapa, uulaze mshono wa shingo kwa kuushonea juu ya bitana milimita 2 kutoka ukingoni ili bitana isichungulie nje, kisha uufunge kwa mkono kwenye zipu. Kitambaa kikiwa chepesi, weka ndani ya kifua kitambaa cha kukazia kama cha kola, la sivyo sehemu iliyozoea kushikiliwa na dirii italegea na kukunjamana. Tena hata ukibaki na dirii, ningekusihi uzimalizie zile kingo. Jaji akikuomba uvue dirii aone chini, na huomba, kingo mbichi zitaiharibia sifa kazi yote ya pindo.

Kuitengeneza upya. Hapa nataka nikae zaidi, kwa sababu umesema huwezi sponji na hapohapo ukanieleza kwamba vikingio vya mikono umevitengeneza wewe. Aliyekata kikingio, akakipinda kikafuata mkono na kukigundisha, ameshajua robo tatu ya kazi. Kilichokushinda ni ule mshono unaoonekana, na mshono una sababu zake zinazojulikana.

Sababu ya kwanza ni wembe. Sponji ya EVA hutafuna makali haraka. Wembe ukianza kukokota badala ya kuteleza, ukingo unatoka na meno, na meno mawili hayafungani. Badilisha makali kabla hujaona yanahitaji kubadilishwa, na ushike kisu wima kabisa. Kikilala kidogo tu, vipande vinaachana upande mmoja. Sababu ya pili ni gundi. Ile gundi ya fundi viatu hupakwa nyembamba pande zote mbili, ikaachwa dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa haishiki kidole, ndipo pande zikutanishwe. Watu hukosea kwa haraka: wanaipaka nene, wanaikutanisha ikiwa mbichi, ndani inabaki na unyevu, na baadaye mshono unafunguka wenyewe. Anzia ncha mbili, kisha katikati, kisha jaza kilichobaki, ili vipande visipishane urefu. Na umbo lipinde kwanza kwa mashine ya hewa moto, kabla ya kugundisha. Sponji ikipata moto wa kutosha, uso wake uliofifia hung'aa kidogo. Hapo ipinde na uishikilie mpaka ipoe. Ukiurudishia moto mkali mshono uliokwisha gundishwa, gundi italainika na mshono utaachia.

Piga kwanza mshono msasa namba 120, 240, hadi 400, kisha upitishe moto mwepesi na wa haraka ili nyuzinyuzi zilizosimama zilale. Ndipo nyufa ndogo uzizibe kwa kizibio cha akriliki kinachooshwa kwa maji, usitumie cha silikoni, kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni. Kipitishe kwa kidole chenye maji, kisha kiache siku nzima kikauke. Kuziba vinyweleo vya sponji kabla ya rangi, wengine hutumia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Hiyo inafaa sehemu isiyokunjika, lakini kwenye kiuno na ubavuni itapasuka mara ya kwanza utakapokaa. Tumia praima ya mpira, ile ya kutandika chini ya rangi, safu tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke sawasawa. Chini ya rangi ya chuma tandika nyeusi, ndipo fedha ikae na kina.

Na tafadhali, barakoa. Usitegemee ya kitambaa. Vaa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali unapotumia gundi na rangi za kupuliza, na vya vumbi unapopiga msasa. Fungua madirisha. Gundi ile ina mvuke unaoshika moto, kwa hiyo mashine ya hewa moto na kopo la gundi lililo wazi visikutane chumba kimoja.

Patani ya dirii ndiyo utakayoiona ngumu. Vaa gauni lenyewe, juu yake fulana kuukuu, zungusha plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, kisha tepe ya karatasi yenye gundi juu ya plastiki. Chora mstari wa katikati ya kifua, mistari ya vipande na alama za kukutanisha kila sentimita 5. Kata nusu moja tu ya mwili, ya pili uipindue, ili kulia na kushoto vilingane. Kisha jambo ambalo wengi hulisahau: sponji ya milimita 10 ikijipinda kuzunguka mwili, upande wa ndani hujibana. Ongeza kama sentimita 3 kwenye mzunguko mzima wa kifua, la sivyo dirii itakuwa sawa mezani na ikubane ukishaivaa. Jaribu kwanza kwa kadibodi. Inua mikono, kaa, inama. Kwapani hukata zaidi ya unavyodhani.

Je, wiki nane zinatosha? Kwa dirii peke yake, zinatosha ukiweka wiki moja ya patani, moja ya kukata na kugundisha, mbili za kuziba, msasa na praima, moja ya rangi, moja ya mikanda na vifungo, na mbili zisizo na jina kwa ajili ya mambo yatakayoharibika. Kwa dirii, mabega na chapeo pamoja, na kingo za gauni juu yake, nina wasiwasi. Chapeo ni duara la pande zote, na kwa asiyelizoea hilo ndilo hula muda kuliko vyote. Kazi ya usiku wa mwisho hujulikana: rangi haijakauka, inashika vumbi na alama za vidole, na mwenyewe unafika ukaguzini macho mekundu.

Lakini hukulazimika kuitazama dirii peke yake. Umefikiria mabega? Kila bega linaweza kutengenezwa kwa mabamba matatu yanayopandana, yakikatwa kwenye sponji ya milimita 5 au 6, yakapashwa moto na kukunjiwa juu ya sufuria yenye mviringo unaokaribia bega lako, kisha kuunganishwa kwa mikanda ya ngozi ndani ili yateleze ukiinua mkono. Ni rahisi kuliko dirii, na yanafanana sana na vikingio ulivyokwisha kutengeneza. Kwa ile hesabu ya vipande tisa, mabega yakiwa yako unafika saba kwa tisa, asilimia 78, na dirii ya dada inabaki ilipo. Kama waandaaji wanahesabu vipande saba vikuu tu, unafika asilimia 71, hujavuka. Unaona kwa nini nasema huwezi kupanga kazi kabla ya kujua hesabu yao? Kuna hatari nyingine pia: mabega yako karibu na dirii yake, rangi zisipolingana jaji ataona mikono miwili mara moja. Hapo utamhitaji dada, akupe mchanganyiko wa rangi zake na kukuonyesha kwenye kipande cha taka anavyoweka kutu. Mikono iwe yako, elimu iwe yake. Kwa mtu anayenung'unika kwamba kazi yake imekataliwa, kuombwa afundishe si jambo dogo. Lakini huenda pia asitake, na ukiona hataki usimlazimishe.

Kutaja msaada waziwazi. Mashindano mengine yana kitengo cha vikundi ambapo kazi ya wawili huhesabiwa pamoja. Mengine hukubali mtu wa pili kuandikwa kama fundi bila kupanda jukwaani. Ikiwa lenu linaruhusu, utashindana na vazi zima na jina la dada litasomwa. Gharama yake ni kwamba kitengo hicho huenda kisiwe na zawadi unayoitamani, au majaji wakupe alama za gauni tu na kuiacha dirii kando. Tena utaulizwa kuhusu dirii mbele ya watu, na jibu lako litakuwa "hiyo alifanya dada yangu". Je, ukilisema neno hilo mbele ya majaji utaona fahari, au utaona umepungua? Sina jibu lako. Ila ukilijua, mengi yaliyobaki yatajipanga.

Na kuna kutembea jukwaani bila kushindania ufundi, kwenye maonyesho ya kawaida au kitengo cha uigizaji, ambapo wengi hawaulizi nani alishona. Ni njia ya heshima kamili. Hatari yake ni ndogo: utarudi nyumbani na swali lilelile, kwamba ungeweza au usingeweza. Wapo wanaoweza kulala na swali hilo. Wewe ulivyoandika, sijui.

Njia yoyote utakayochukua, mambo mawili yafanye sasa. Kusanya picha za kazi: gauni likiwa vipande, darizi ikiwa nusu, mishono ya ndani, vikingio kabla ya rangi. Zipange kwenye daftari, kurasa tano au sita zinatosha, mbele yake picha ya mhusika mbele na nyuma, na kila ukurasa useme kitambaa gani, mbinu gani, nani kafanya. Jaji hana muda wa kusoma, atapekua. Picha ya nyuma ya darizi inamweleza zaidi ya aya nzima. La pili, vaa vazi lote saa mbili nyumbani, pamoja na wigi na buti. Panda ngazi, kaa, jaribu kwenda msalani. Utajua kifungo kipi kitang'oka. Mkanda ulioshikwa kwa gundi peke yake hung'oka. Upitishe kwenye sponji, uushone, kisha uufunike ndani kwa kiraka. Siku yenyewe utahitaji mtu wa kukuvalisha, kukushikia maji na kutembea na mfuko wa sindano, uzi, pini na gundi ya haraka. Unaweza kumwomba dada, kama mioyo yenu imetulia. Vazi usiliache kwenye gari juani: gundi hulainika, na sponji iliyolaliwa na mzigo hupinda.

Lakini kabla ya haya yote, waandikie waandaaji wiki hii, maana wanapokea maswali mengi fomu zinapokaribia kufungwa. Usiwafiche kitu wala usijitetee. Unaweza kuandika hivi:

"Habari. Naomba ufafanuzi wa kanuni ya asilimia 75. Vazi langu lina gauni, joho, mkanda na vikingio vya mikono nilivyotengeneza mwenyewe, pamoja na wigi na buti za kununua nilizozifanyia marekebisho. Dirii, mabega na chapeo vimetengenezwa na ndugu yangu ambaye hatapanda jukwaani. Je, asilimia mnaihesabu kwa vipande, kwa eneo au kwa namna nyingine? Je, naruhusiwa kushindana nikimtaja kama mtengenezaji wa sehemu hizo, na kama ndiyo, katika kitengo gani? Nikitengeneza upya mabega, hali inabadilika?"

Ambatisha picha tatu: vazi zima mbele, vazi zima nyuma, na vipande vya dada peke yake vikiwa mezani. Msomee dada ujumbe huo kabla hujautuma, kwa kuwa unamhusu. Wakikujibu, lichapishe jibu lao na uliweke ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu anayejibu barua za waandaaji mara nyingi siye atakayekuwa kwenye chumba cha ukaguzi.

Shangazi